Makerere: Rekodi za Kilimani na Nani Aliyezilipia

Chuo kikuu kikongwe kuliko vyote Afrika Mashariki kilianza na darasa moja dogo. Mwaka 1922, kilima cha Makerere jijini Kampala kilipokea vijana 14, wote wa kutwa, wakafundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Wasichana walisubiri mno: sita wa kwanza waliingia mwaka 1945. Katika mahafali ya mwaka 2025, yaliyochukua siku kadhaa, wahitimu walizidi 13,000.

Majina makubwa hayakosekani. Julius Nyerere alitoka hapo na diploma ya ualimu. Mwai Kibaki alipata daraja la kwanza katika uchumi mwaka 1955. Milton Obote aliondoka bila shahada, akaja kuwa rais. Wazazi wengi huwataja hawa kuthibitisha kwamba chuo kinalipa, lakini wasomi wa enzi hizo walihesabika, na kazi ziliwangoja. Mhitimu wa leo anapanga foleni na maelfu wenye cheti kama chake.

Mageuzi makubwa kuliko yote yalikuja mwaka 1992, Makerere ilipoanza kupokea wanafunzi wa kujilipia. Kabla ya hapo serikali ndiyo iliyogharamia masomo. Kufikia mwisho wa muongo ule, zaidi ya asilimia 70 walikuwa wanajilipia. Fedha hizo zilikifufua chuo kilichokuwa hoi, na sitabeza hilo. Ila tangu hapo, kijana akikosa kazi, hasara inaiangukia familia yake. Ndiyo maana Oktoba 2019 nyongeza ya ada ya asilimia 15 iliwaingiza wanafunzi barabarani, wasichana wakiwa mstari wa mbele, na askari wakavamia mabweni.

Kwangu mimi shahada bado ina thamani, mradi kozi ichaguliwe kwa macho mawili. Anayesoma sheria, kwa mfano, hawi wakili mpaka apite Law Development Centre, nako kuna ada nyingine.

Mzazi mwenzangu, kabla hujauza kibanja, jumlisha miaka yote: ada, michango ya chuo, chumba cha hosteli kule Kikoni, chakula. Ulizia pia bodi ya mikopo ya elimu ya juu iliyoanzishwa mwaka 2014, ukijua mapema kwamba mkopo wake hulipia ada, si chakula wala malazi.