Vijana Wetu Washukapo Pwani

Mazao yakiisha kuuzwa na shule zikifungwa, vijana wa Mbeya na Iringa hupatana watatu au wanne, kila mmoja na begi lake mgongoni, wakapanda basi kwenda Dar es Salaam. Hawaendi kutafuta kazi, wala hawakuitwa na ndugu. Wanakwenda kutembea tu: kuiona bahari, kuoga, kula mihogo ya kukaanga ufukweni, na usiku kusikiliza muziki. Wazee wengi wasikiapo habari hizo hutikisa kichwa. Je, ni dhambi? Hasha! Kuzitazama kazi za Mungu si dhambi, na bahari ni mojawapo. Lakini mzazi mwenye busara hamwachi mtoto aondoke kabla ya kumwuliza neno moja: Unakwenda na nani?

Tukumbuke Kitabu cha Tobiti. Mzee Tobiti alipotaka kumtuma mwanawe Tobia safari ya mbali, alimwagiza kwanza atafute mwenzi. Kijana alipomleta, mzee alimwuliza kabila lake na ukoo wake, wakapatana ujira, ndipo akawabariki. Hakujua bado kwamba yule mwenzi ni Malaika Rafaeli. Njiani, kwenye mto Tigri, samaki mkubwa alimrukia Tobia. Mwenzi wake alikuwa karibu, akamwambia la kufanya. Huyo ndiye mwenzi wa kweli: yupo samaki arukapo.

Safari yenyewe ni ndefu. Toka Mbeya ni zaidi ya kilometa 800, na toka Iringa ni kama 500, kwa kuteremka Kitonga na kupita katikati ya wanyama wa Mikumi. Tangu mwaka 2023 serikali imeruhusu tena mabasi kusafiri usiku. Lakini kwa mgeni yafaa kufika mchana, maana kituo kikuu cha mabasi kiko Mbezi, mbali na katikati ya mji, na mji wenyewe ulihesabiwa watu zaidi ya milioni 5 mwaka 2022. Chandarua kisisahauliwe: aliyekulia kwenye baridi yetu hakuzoea mbu wa pwani.

BAHARI INA SAA ZAKE

Kijana wa Rungwe au Mufindi anajua mito ya milimani, ambayo maji yake huteremka upande mmoja sikuzote. Bahari si hivyo. Hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na toka kupwa hata kujaa ni kadiri ya saa sita. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Wakati wa kupwa, mgeni huona mchanga mpana mkavu, akatembea mbali akiokota makome. Maji hurudi kimya kimya. Huanza kujaza mabonde yaliyo nyuma yake, na ageukapo huona njia ya kurudi imekwisha kuwa maji.

Basi, kwanza waulizeni wavuvi saa za maji. Asiyejua kuogelea asipite kiunoni. Aliyekunywa pombe asiingie kabisa. Mmoja wenu abaki ufukoni akiwahesabu wenzake. Mkipanda mashua Kunduchi kwenda kisiwa cha Mbudya, kila mtu avae jaketi la kujiokolea kabla ya kuondoka. Na mwenzenu akizidiwa, msimrukie mikono mitupu, maana anayezama humshika mwokozi wakazama wote wawili. Mtupieni kamba au dumu tupu lililofungwa kifuniko, huku mkiita watu.

NA USIKU JE?

Wazazi tusijifanye watakatifu kupita kiasi. Wengi wetu tulicheza muziki wa dansi ujanani. Bendi ya Msondo Ngoma ina asili yake katika NUTA Jazz ya mwaka 1964, na nyimbo zake zilifika hata vilabu vya vijijini kwetu. Muziki haukumpoteza mtu. Linalopoteza ni kuachana.

Wanatoka wanne. Mmoja anapata rafiki mpya mwenye bia nyingi, anaambiwa waende mahali pengine pazuri zaidi. Wengine wamelewa, au wanaona haya kumzuia, wanasema: “Mwache, ni mtu mzima.” Asubuhi wako watatu. Kama aliyeachwa ni msichana, hatari ni kubwa zaidi, na jibu la kumpa mama yake halipo.

Kwa hiyo vijana wapatane nyumbani, kabla ya kupanda basi, maneno haya matatu: tunatoka pamoja na kurudi pamoja; mmoja wetu hanywi, naye ndiye ashikaye nauli ya kurudia; na yeye akisema saa imefika, hakuna ubishi. Asiyekubali hayo akiwa Makambako, Dar es Salaam hatayakubali.

Jumapili ikifika, waende Misa katika kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, lielekealo bandari. Lilijengwa na wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani, kati ya mwaka 1897 na 1902. Wabenediktini hao walipanda toka pwani hata Uhehe, wakaanzisha misioni ya Tosamaganga. Walikuja kwetu kwa kundi, si mmoja mmoja.

Nanyi wazazi, msingoje siku ya safari. Waiteni wale wenzi nyumbani, waleni ugali pamoja. Waulizeni kijiji chao na wazazi wao, andikeni namba zao za simu, kisha wawekeeni mikono na kuwabariki. Mama yake Tobia alilia mwana alipoondoka, akakaa akiitazama njia kila siku. Siku ile alipowaona kwa mbali, walikuwa wawili, kama walivyotoka.