NENO «PUSH» LINATOKA WAPI?



Wengi kati yetu tunajifunza Kiingereza kwa kukariri maneno tu. Siku ya mtihani tunachanganya «push» na «pull», sababu yote mawili yanaanza namna moja. Leo tutengeneze jambo hilo.

«Push» ni kusukuma. Katika mwaka 1066 watu wa Normandie, kule Ufaransa, walishinda Uingereza wakaitawala, na Kifaransa chao kikaingia polepole katika Kiingereza. «Push» ni mtoto wa «pousser». Na «pousser» yenyewe ilizaliwa na neno la Kilatini «pulsare», maana yake kupiga-piga. Wa jamaa hiyo ni pia «pouls», ule mupigo wenye muganga anautafuta kwenye mkono wa mgonjwa. «Expulser» nayo iko ya jamaa ile ile: yule aliyekwisha kufukuzwa masomo anaijua bila kamusi! Lakini «pull», yaani kuvuta, ni Kiingereza cha asili, haina undugu nazo. Basi ukikuta mlango umeandikwa PUSH, kumbuka pousse-pousse ya sokoni: usivute, sukuma.

Tuone sasa kazi zake. Mzalishaji anamwambia mama anayezaa: «Push!», sawasawa na Kifaransa. Mzazi akimhimiza mtoto asome, ni «push» tena. Mtu mwenye kujitia mbele ya wengine bila haya anaitwa «pushy», na hiyo siyo sifa. «Pusher» ni mbaya zaidi: ni yule anayeuza dawa za kulevya na kuwasukuma vijana katika shimo.

Lakini tuangalie! Ndugu wa tumbo moja hawafanani kwa yote. Kwa Kifaransa tunasema mahindi «poussent», yaani yanaota. Ukiandika «push» juu ya mahindi kwa Kiingereza, profesa atapiga musitari mwekundu na pointi zimekwenda. Hapo andika «grow».

Basi wandugu, kuna kusukuma kunakosaidia, kama vile watu wa Goma wanavyomsaidia mwenye chukudu kwenye mlima, na kuna kusukuma kunakoangusha. Mwenzetu aliyebaki nyuma katika Kiingereza tusimcheke. Tumsukume, lakini kwa namna ile ya kwanza.