Nyumba Yangu, Ardhi Yetu

Ukiitazama Taita Taveta kwenye ramani utadhani ardhi ni ya kumwaga. Kaunti ni pana, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 340,671 tu. Lakini asilimia 62 hivi ya eneo hilo ni Mbuga za Tsavo, Mashariki na Magharibi. Kinachosalia ni maranchi, mashamba makubwa ya mkonge, na vilima ambako shamba la babu limegawanywa kwa wana na wajukuu hadi halina tena pa kugawanywa. Ndiyo maana sisi wa mji wa Voi tunaotafuta pa kujenga tumebanwa kati ya ndovu, mkonge na reli.

Reli ndiyo iliyouzaa mji huu. Ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na miaka miwili haikuisha kabla haijafika hapa. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, jeshi la Waingereza likatandika tawi la kwenda Taveta ili kuwakabili Wajerumani waliokuwa ng'ambo ya mpaka. Watu walikuja kufuata kazi za relini na za mkonge, wakajenga vibanda vya udongo pale walipoona pana nafasi. Hakuna aliyewapa karatasi, na wengi wao hawakuiulizia.

Safari hii reli imekuja na wanunuzi. Reli mpya ya SGR ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, na Voi ikapata kituo. Barabara ya Mwatate hadi Taveta nayo ikatiwa lami, Chuo Kikuu cha Taita Taveta kikapata hadhi kamili mwaka 2016, na malori ya Mombasa hayajawahi kuacha kulala hapa. Nauli ya daraja la kawaida kati ya Nairobi na Mombasa, ambayo mwanzoni ilikuwa Sh700, ilipanda hadi Sh1,500 Januari 2024. Hata kwa nauli hiyo, mtu wa Nairobi anaweza kupanda treni asubuhi, aone ploti mchana, alale kwake usiku.

Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa hapa, na bado ninapanga. Broka mmoja alinipeleka kuona kipande cha futi hamsini kwa mia pembeni mwa mji. Alifukua mchanga mwekundu kwa ncha ya kiatu mpaka bikoni ikaonekana, akaigonga mara mbili kama anayebisha hodi. "Mwalimu, chukua sasa," akaniambia. "Hawa wa Nairobi hawaulizi bei, wanauliza hati tu." Nilipomwomba nakala ya hati, alinitolea barua ya kugawiwa ploti, imekunjwa hadi mikunjo imechanika, na jina lililoandikwa humo halikuwa la muuzaji.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kununua: bei ya ploti ni mwanzo tu. Unalipia upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi ili kujua mwenyewe ni nani na kama kuna mkopo au kesi juu yake. Unamlipa wakili aandike mkataba. Kama ardhi ni ya kilimo, unahitaji idhini ya Bodi ya Usimamizi wa Ardhi. Kisha unalipa ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani mjini na asilimia 2 mashambani. Hapo hujaleta hata lori moja la mawe, wala hujafikiria maji, katika mji ambao wengi wetu bado tunabeba mitungi ilhali bomba la Mzima linateremka kutoka Tsavo kwenda Mombasa. Benki? Mikopo ya nyumba nchini Kenya nzima ni kama 30,000 tu. Wengine wote tunajenga kwa chama, kwa sacco na kwa subira.

Basi hapa hapa Voi kuna mtaa uliokaa ukalifikiria jambo hili la ardhi kabla ya SGR kuingia ndotoni mwa mtu. Unaitwa Tanzania-Bondeni. Kufikia 1991 watu zaidi ya 4,000 walikuwa wakiishi pale kama maskwota, juu ya ardhi ambayo sehemu ilikuwa ya serikali, sehemu ya reli na sehemu ya shamba la mkonge. Mwaka huo mtaa uliingizwa katika mradi wa kuendeleza miji midogo ulioendeshwa na Wizara ya Serikali za Mitaa pamoja na shirika la Ujerumani, GTZ. Desturi ya miradi kama hiyo ilikuwa moja: pima, gawa, mpe kila mtu hati yake, kwaheri.

Wakazi waliwekewa njia kadhaa mezani, na baada ya vikao vingi hawakuchagua hati ya mtu binafsi. Walijua mwisho wake. Mtu maskini akipewa hati leo, kesho mtoto anaugua au karo inadaiwa, mwenye pesa anakuja na noti mkononi, na mwaka haupiti kabla mtaa haujawa wa wageni na wenyewe hawajaanza kibanda kipya mahali pengine. Wakaamua ardhi yote iwe ya jumuiya, chini ya amana isiyoweza kuiuza, na kila mtu amiliki nyumba aliyoijenga juu yake. Nyumba unaweza kuirithisha. Unaweza kuiuza pia, ila chama cha wakazi ndicho chenye haki ya kwanza ya kuinunua. Ardhi iliyo chini yake haiuziki.

Mfumo huo ulizaliwa Marekani. Mwaka 1969, karibu na Albany katika jimbo la Georgia, wanaharakati wa haki za Wamarekani weusi waliunda New Communities ili wakulima weusi wapate ardhi ambayo hakuna mtu angeweza kuwapokonya. Mwaka 1984 mji wa Burlington, Vermont, uliutumia mfumo huo kwenye nyumba za mjini. Kule anayehama hurudishiwa alicholipa pamoja na robo ya ongezeko la thamani. Tuseme nyumba ilinunuliwa kwa Sh2 milioni na sasa inathaminiwa Sh3 milioni. Mwenye kuuza anaondoka na Sh2,250,000, na anayeingia anainunua kwa bei hiyo hiyo, si kwa Sh3 milioni. Faida ipo, ila haimfungii mlango anayekuja nyuma. London nayo, ambako mwalimu kama mimi hana tamaa ya kununua chochote, ilianza na nyumba 23 pale St Clements, na bei zake zikafungamanishwa na mishahara ya wakazi wa eneo hilo.

Sitaki kuipamba Tanzania-Bondeni. Sheria za Kenya hazikuwa na kabati la kuuwekea mfumo huu, hivyo wakazi walilazimika kusajili vyombo viwili, chama kwa sheria moja na amana kwa sheria nyingine. Makaratasi ya ardhi ya pamoja yalichukua miaka na miaka. Benki haikopeshi mtu asiye na hati yenye jina lake. Wapo waliochoka kungoja, na siwalaumu. Lililonisikitisha zaidi ni kwamba wataalamu walikuja wakaandika makala, mtaa wetu ukasomwa ng'ambo, ilhali nchini mwetu mfumo huo haukuigwa.

Nayo serikali inaijua hatari ile ile ya maskini kuwauzia wenye pesa. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, ile inayokata asilimia 1.5 ya mshahara wangu kila mwezi na kumtoza mwajiri kiasi hicho hicho, inamkataza mnunuzi kuuza nyumba bila idhini ya bodi inayosimamia nyumba hizo. Nia ni njema. Lakini bodi iko Nairobi, na haimjui jirani yangu aliyefiwa na mume na anayetaka kurudi kwao Wundanyi. Tanzania-Bondeni uamuzi huo uliwekwa mikononi mwa watu wanaochota maji mahali pamoja, na mimi nawaamini hao kuliko bodi yoyote.

Maskwota wa Voi bado ni wengi, na kila msimu wa siasa huahidiwa hati. Wapewe. Ila kabla mpimaji hajachomeka bikoni ya kwanza, kaunti na Tume ya Kitaifa ya Ardhi ziwaite kwenye baraza na kuwawekea njia zote mezani, ya hati binafsi na ya ardhi ya pamoja, kama walivyowekewa wale wa 1991. Na ardhi ya umma iliyo jirani na kituo cha SGR, kama ipo ambayo haijaguswa, isiuzwe hata futi moja kabla ya kikao hicho.