Redio Mpya Ndani ya Gari Kuukuu: Muziki, Nyaya na Afya ya Masikio

Magari mengi yanayotembea katika barabara za Afrika Mashariki yalianza maisha yake Japani. Yanapofika bandarini yakiwa yameshatumika kwa miaka kadhaa, huja na redio iliyotengenezwa kwa ajili ya wasikilizaji wa huko. Kwa muda mrefu matangazo ya FM nchini Japani yalirushwa kati ya megahezi 76 na 90, ilhali vituo vya kwetu husikika kati ya megahezi 87.5 na 108. Mnunuzi hujikuta na redio nzima isiyo na kasoro, lakini inayonasa kituo kimoja au viwili tu. Kipo kifaa kidogo kinachofungwa kwenye waya wa antena ili kuhamisha masafa. Hata hivyo wengi huona heri kubadilisha redio yenyewe.

Hapo ndipo safari huanzia. Leo redio, mwezi ujao spika za milangoni, baadaye amplifaya, na hatimaye sanduku la besi ndani ya buti. Kazi hii huweza kufanywa na mwenye gari mwenyewe kwa bisibisi, koleo na subira, nayo ina raha yake. Makala haya hayakusudii kumnyima mtu raha hiyo. Yanakusudia kueleza namna ya kuifanya bila kuyagharimu masikio, ambayo hayana duka la vipuri.

Dereva aliyefika kliniki

Miongoni mwa waliofika katika kliniki ya masikio, pua na koo jijini Dar es Salaam alikuwamo dereva mmoja wa teksi, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mwenye Toyota Corolla ya miaka ya 1990. Hakuja kwa sababu ya muziki. Alikuja kwa kuwa kila usiku, nyumba ilipotulia, alisikia mlio mwembamba masikioni kama wa nyenje. Mkewe alilalamika kwamba televisheni yao ilisikika hadi kwa jirani. Abiria nao, hasa wanawake na watoto, walilazimika kurudia mara mbili mahali walipotaka kushushwa.

Mpimaji wa usikivu, binti wa umri mdogo kuliko wake, alimuuliza kwa adabu, "Baba, kazini kwako kuna kelele?"

"Hakuna, mwanangu. Mimi ni dereva tu."

"Na ndani ya gari?"

Dereva alicheka. "Humo hamna kelele. Humo mna muziki."

Jibu hilo ndilo kiini cha tatizo. Moyo hutofautisha muziki na kelele, sikio halitofautishi. Ndani ya sikio la ndani kuna koklea, kijumba kilichojiviringisha kama gamba la konokono, chenye seli zipatazo 15,000 zilizoota vinyweleo vidogo mno. Seli hizo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa mishipa ya fahamu. Sauti kubwa inayodumu huzichosha, na uchovu huo ukirudiwa siku baada ya siku, baadhi hufa. Kwa binadamu, seli hizo zikifa hazioti tena.

Kipimo cha dereva yule kilionyesha picha inayofahamika sana kwa wataalamu: sauti nzito zilisikika vizuri, lakini karibu na hezi 4000 mstari wa usikivu ulishuka ghafla katika masikio yote mawili, kisha ukapanda tena. Eneo hilo ndilo linalobeba ukali wa herufi kama s, f na sh. Ndiyo maana mgonjwa wa aina hii husema, "Ninasikia mtu anaongea, ila sielewi anachosema." Haoni kuwa amepoteza usikivu, huona kuwa watu wa siku hizi hawatamki maneno sawasawa.

Hesabu ya desibeli

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima asizidishe wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa watoto, kiwango ni desibeli 75 kwa muda huohuo. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, nguvu ya sauti huwa maradufu, na muda salama hupungua kwa nusu. Kwa desibeli 83 ni saa 20. Kwa 86 ni saa 10. Kwa 89 ni saa 5. Na ikifika 95, wiki nzima ina saa moja na robo tu.

Sasa tazama amplifaya. Mtu anayetoka wati 50 kwenda wati 100 hujiona amepiga hatua kubwa, kumbe ameongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo msikilizaji huitambua kwa shida. Ili muziki usikike kama umekuwa mkubwa mara mbili, huhitajika takriban desibeli 10 za ziada, yaani wati mara kumi. Hivyo basi, mwenye gari hulipa fedha nyingi kwa ongezeko dogo analolisikia, huku muda salama wa masikio yake ukikatwa nusu kwa nusu bila yeye kujua.

Dereva wa teksi ana mzigo zaidi. Gari kuukuu lenye mipira ya milango iliyochakaa, likiwa katika mwendo wa barabara kuu na madirisha wazi, huweza kuwa na kelele za desibeli 70 na zaidi kabla redio haijawashwa. Ili muziki usimezwe na upepo, injini na matairi, dereva huupandisha juu ya kelele hizo, na mara hufika 85. Kwa kiwango hicho wiki yake salama ni saa 12 na nusu hivi. Yeye huendesha saa 10 kwa siku, siku sita kwa wiki.

Anza kwa kulinyamazisha gari

Kutokana na hesabu hiyo, hatua ya kwanza ya kuboresha muziki katika gari la zamani ni kupunguza kelele. Kila desibeli 3 za kelele zinazozuiwa kuingia humruhusu dereva kushusha muziki kwa kiasi hichohicho, asikie vilevile, na muda wake salama uongezeke maradufu.

Kazi huanzia milangoni. Baada ya kufungua kava ya ndani, fundi hukuta bati tupu na karatasi ya nailoni inayozuia maji ya mvua. Karatasi hiyo isichanwe wala kutupwa. Ikiharibika, maji huingia ndani, huozesha kapeti na kuua spika mpya. Juu ya bati hubandikwa vipande vya mpira mzito wenye karatasi ya alumini, vinavyouzwa kwa kazi hiyo. Si lazima kufunika bati lote. Kufunika sehemu pana zinazotikisika hutosha kuondoa mlio wa debe. Mipira ya milango iliyokauka ibadilishwe, na vibanio vya kava vilivyovunjika visiachwe vikigongagonga.

Ndipo spika zifuate. Spika za asili katika magari mengi ya umri huo ni za karatasi nyembamba ambayo jua na unyevu vimekwisha kuila. Spika mpya za kiwango cha kati, zenye ukinzani ambao redio imeundwa kuubeba, kwa kawaida omu 4, huleta mabadiliko makubwa kuliko amplifaya yoyote. Zikazwe imara, pasiwe na mwanya kati ya spika na bati, kwa maana besi huvujia hapo.

Jambo moja hukosewa mara nyingi: upande wa chanya na hasi. Spika moja ikiunganishwa kinyume cha mwenzake, moja husukuma hewa wakati nyingine inavuta, na besi hutoweka. Mwenye gari asiyejua sababu huongeza sauti, kisha hununua sanduku la besi, kumbe dawa ilikuwa kugeuza waya mbili.

Moto na mikono

Kabla ya kugusa waya wowote, betri ifunguliwe, ukianza na upande hasi. Redio nyingine za asili hudai namba ya siri zikikatiwa umeme, hivyo itafutwe mapema. Magari mengi ya kuanzia katikati ya miaka ya 1990 yana mifuko ya hewa ya usalama, na viunganishi vyake aghalabu huwa vya rangi ya manjano. Hivyo visiguswe, visipimwe, wala visikatwe. Mfuko ukifyatuka karibu na uso huweza kuvunja mifupa na kuumiza macho.

Anayeongeza amplifaya aielewe hesabu ya umeme. Wati 300 kutoka betri ya volti 12 huhitaji ampea zisizopungua 25, na kwa hakika zaidi, kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kama joto. Taa moja ya mbele ya wati 55 huvuta chini ya ampea 5. Waya mwembamba uliotosha redio ya zamani hautoshi tena. Utapata moto, plastiki yake itayeyuka, na gari litaungua. Waya mnene utoke betrini moja kwa moja, uwe na fyuzi ndani ya sentimita 45 kutoka betri, na upitie kwenye mpira pale unapovuka ukuta wa bati unaotenganisha injini na abiria. Kazi ya fyuzi hiyo ni kuulinda waya. Anayeiweka mbali, karibu na amplifaya, ameacha mita tatu au nne za waya bila ulinzi.

Viungo visokotwe na kuzungushiwa utepe wa nailoni pale tu ambapo hakuna njia nyingine. Vifunganishi vya kubana kwa koleo ni salama zaidi, kwa kuwa utepe huachia kwa joto la gari lililoegeshwa juani.

Watoto kiti cha nyuma

Katika saluni nyingi za zamani, spika kubwa hufungwa kwenye ubao ulio nyuma ya kiti cha nyuma, chini ya kioo. Mtu anayeketi mbele hushusha au hupandisha sauti kwa kipimo cha masikio yake, ilhali kichwa cha mtoto kiko hatua moja tu kutoka kwenye spika hizo. Redio nyingi mpya zina mpangilio wa kugawa sauti kati ya mbele na nyuma. Watoto wanapopanda, sauti ipelekwe mbele.

Besi kubwa ina hatari nyingine, japo ya nadra. Mwaka 2004 jarida la Thorax lilichapisha taarifa ya madaktari kuhusu wagonjwa wachache ambao pafu lilisinyaa baada ya hewa kuvujia ndani ya kifua, wote wakiwa karibu na muziki mkubwa. Mmoja alikuwa kijana mvutaji sigara aliyekuwa akiendesha gari lenye sanduku la besi la wati 1,000. Maumivu ya ghafla ya kifua na kubanwa pumzi ni jambo la kwenda hospitali mara moja, muziki uwe umehusika au haukuhusika.

Usalama barabarani nao ni afya. Dereva asiyesikia king'ora cha gari la wagonjwa au honi ya treni hawezi kuwapisha.

Kwa mhudumu wa afya na kwa mgonjwa

Mhudumu asitosheke na swali la kelele za kazini, maana wengi watajibu kama alivyojibu dereva yule. Aulize kuhusu muziki: wapi, saa ngapi kwa siku, na kama mtu aliye kando hulazimika kupaza sauti ili asikike. Aangalie nta na maambukizi ya sikio, na aulize kuhusu dawa kama streptomaisini, amikasini na jentamisini, ambazo nazo huweza kuua seli za usikivu. Anayepoteza usikivu ghafla, ndani ya saa au siku tatu, hasa katika sikio moja, apelekwe kwa mtaalamu siku hiyohiyo. Tiba ikichelewa, nafasi ya kupona hupungua.

Mgonjwa naye anazo ishara zake. Masikio yakiziba au yakilia baada ya kushuka garini, sauti ilikuwa kubwa mno, hata kama kesho yake yamezibuka. Redio iwekewe alama ya mwisho wa sauti, kwa rangi au kwa mpangilio wake wa ndani, na alama hiyo ichaguliwe asubuhi, gari likiwa limesimama na masikio yamepumzika. Jioni, baada ya saa nyingi za muziki, sikio lililochoka huomba sauti zaidi.

Dereva wa Corolla hakuliuza sanduku lake la besi mara moja. Kwanza alibadilisha mipira ya milango, akabandika mpira kwenye bati, na akagundua kwamba spika ya kushoto ilikuwa imeunganishwa kinyume tangu siku ya kwanza. Baada ya hapo alikuta kwamba alama aliyoizoea kwenye redio, ishirini na nane, ilikuwa kubwa mno. Kumi na saba ilitosha. Alipopimwa tena baada ya mwaka mmoja, shimo la hezi 4000 lilikuwa palepale, halikuziba, lakini halikuchimbika zaidi. Mlio wa usiku ulibaki, ingawa alisema haumkeshi tena. Sanduku la besi lilikuja kuuzwa baadaye, kwa sababu abiria waliokwenda uwanja wa ndege walihitaji nafasi ya mizigo.