Mzoga Uendao: Istilahi za Ulinzi wa Ngome Katika Mchezo wa Kompyuta

Makala hii inakusudia kueleza dhana moja iliyotusumbua kwa muda, na kupendekeza istilahi yake. Dhana yenyewe ni ya mnyama aliyekufa, ambaye mwili wake huamka, hutembea na kushambulia, ilhali uhai haukumrudia. Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kwamba jambo hili ni la ngano za watoto, wala halistahili kujadiliwa mahali kama hapa. Sisi hatuafiki. Michezo ya kompyuta imekwisha kuingia majumbani na shuleni, maelezo yake yahitaji kufasiriwa kama maelezo ya mashine yoyote, na katika mchezo tutakaouzungumzia jina lililofasiriwa vibaya laweza kumpotezea mchezaji ngome nzima.

Mchezo huo ni Dwarf Fortress, uliotungwa na ndugu wawili wa Marekani, Tarn Adams na Zach Adams. Ulitolewa kwa umma kwa mara ya kwanza mwaka 2006, bila malipo, na toleo lake lenye picha lilianza kuuzwa mwezi Desemba 2022. Mwaka 2012 jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York liliuingiza katika mkusanyo wake. Mchezaji hukabidhiwa wakazi 7 na zana chache, akawaongoza kuchimba mlima, kulima, kufua vyuma na kujenga ngome. Hakuna siku atakayotangazwa mshindi. Hujenga, hulinda, na aghalabu mwisho wake ni kushindwa.

Michezo ya namna hii lugha nyingine huiita kwa neno lenye asili moja na neno letu "koloni". Hatuoni sababu ya kulichukua. Katika mchezo huu hakuna nchi inayoitawala nyingine, na neno hilo kwetu limekwisha kubeba mzigo wake. Twapendekeza "mwigo wa makazi". Neno "ngome" nalo halina utata: msomaji analijua kwa ile ngome ya Mombasa ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. "Boma" ni uzio zaidi kuliko jengo. "Husuni" limebaki katika jina la Husuni Kubwa ya Kilwa. Na "gereza", ambalo zamani liliwahi kuitwa ngome pia, leo litampeleka msomaji kwingine kabisa.

Taabu yaanza kwa adui. Tulipoandika rasimu ya kwanza ya maelezo ya mchezo huu, tuliwaita wanyama hao "wafu hai". Jina lilitupendeza kwa ufupi wake. Kijana mmoja aliyeisoma rasimu yetu akachimba handaki kuizunguka ngome yake, akalijaza maji, akangoja. Akatuuliza baadaye kwa nini adui zake hawakufa maji. Kosa halikuwa lake. Sisi ndio tuliomwambia kwamba viumbe hao ni hai, na kiumbe hai asiye samaki, akizamishwa, hufa. Yafaa ikumbukwe kwamba Kiswahili hutenga "kuzama" na "kufa maji": jiwe huzama, mtu hufa maji. Adui huyu yumo katika kundi la jiwe. Huzama, lakini hafi maji, kwa kuwa hana pumzi ya kukatika.

Mafaili ya mchezo wenyewe yasema wazi. Mwili ulioamshwa huandikiwa sifa kadhaa, na mojawapo ni kwamba si kitu hai. Nyingine ni kwamba hupingana na uhai. Hauli, haunywi, haulali. Hauchoki wala hausikii maumivu wala hofu. Huona bila macho, na hutembea hata kama kichwa kimeondolewa. Basi neno "hai" lilikuwa ndilo neno moja ambalo hatukupaswa kulitumia.

Tuliyapima maneno mengine. "Aliyefufuka" ni neno la dini, nalo lina maana ya kurudi katika uhai ulio kamili. Kulitumia hapa ni kukosea maana na kuwakwaza waumini. "Mzimu" ni roho ya wahenga, na mahali pa kuitambikia. Si mwili, na wala si adui wa kila kinachopumua. "Zimwi" hula watu lakini halikufa. "Mzuka" hutokea na kutoweka, hali adui wetu haondoki. "Zombi" limekwisha kuzoeleka kwa vijana kwa njia ya filamu, na hatulikatazi, ila hilo humwelekeza msikilizaji kwa mwili wa binadamu.

"Msukule" lataka tahadhari ya pekee. Wengi waliotusaidia walilitaja kwanza, na kwa kweli linakaribia. Lakini msukule katika imani ya watu ni binadamu adhaniwaye amekufa, kumbe amefichwa na mchawi ili amlimie shamba. Yeye ni mtumwa, hashambulii. Zaidi ya hayo, neno hili hutumika hata leo kuwatuhumu watu halisi, hasa wazee, na tuhuma za uchawi zimekwisha kuwaua wengi. Mfasiri asilitoe hapo na kulitia katika mchezo kana kwamba ni mwanasesere.

Likabaki kundi la maneno ya mnyama aliyekufa. "Kibudu" na "nyamafu" ni maneno ya sheria ya chakula: mnyama aliyekufa bila kuchinjwa. Hayafai, kwa sababu katika mchezo huu hata mnyama aliyechinjwa vema huweza kuamka. "Mzoga" ndilo neno pana. Ni mwili wa mnyama baada ya uhai kuondoka, haidhuru umeondokaje.

Na hapa ndipo sarufi yetu ilipotusaidia kuliko kamusi. "Mzoga" limo katika ngeli ya m-/mi-. Kwa sura ya nje lafanana na "mtu" na "mnyama", lakini upatanisho wake ni wa "mti": mzoga umeoza, mizoga imeoza. Ni ngeli hiyo hiyo iliyoyapokea "mzimu" na "mzuka", yaani vitu vitendavyo kama viumbe lakini havihesabiwi pamoja na viumbe. Lugha ilikwisha kuandaa mahali pa adui wetu kabla hatujamtafutia jina.

Kwa hiyo twapendekeza "mzoga uendao", na kwa wingi "mizoga iendayo". Linganisha sentensi hizi mbili. "Tembo aendaye amefika langoni": huyo ni tembo wa kawaida, atachoka, ataona kiu, ataondoka. "Mzoga wa tembo uendao umefika langoni": kila kiambishi cha u- chamwambia msomaji kwamba hapa hakuna uhai. Katika matoleo yasiyo na picha, ambamo tembo ni herufi E tu katika kioo, ni jina pekee limtenganishalo mmoja na mwingine.

Faida ya pili ya kirai hiki ni kwamba chakubali kila ngeli. Jambo hili si dogo. Katika nchi zilizolaaniwa za mchezo huu, si mzoga mzima tu uamkao. Kichwa kilichokatwa huamka, na mkono uliokatwa huamka. Katika matoleo ya mwaka 2012 hata ngozi na nywele za mnyama aliyechinjwa ziliweza kuinuka ndani ya bucha na kumkaba mchinjaji. Jina moja lenye ngeli moja lingeshindwa hapo. Kwa kirai chetu twasema "kichwa kiendacho", "mkono uendao", "ngozi iendayo", "nywele ziendazo", na mwanafunzi wa darasa la nne aweza kuendelea mwenyewe. Tulipata pingamizi kwamba ngozi haina miguu, basi haiendi. Kweli; lakini saa nayo haina miguu, nasi twasema inakwenda.

Baada ya adui kupata jina, vitenzi vya ulinzi hujirekebisha vyenyewe. "Kuua" hakufai, kwa kuwa hakuna uhai wa kutolewa. Lifaalo ni "kuponda". Mchezaji aliyefundishwa "kuua" huwapa askari wake mashoka, kwa kuwa shoka huua upesi. Katika nchi iliyolaaniwa shoka hukata mzoga mmoja ukawa adui wawili au watatu, kwa kuwa kila kiungo chenye uwezo wa kushika huweza kuamka peke yake. Rungu na nyundo ya vita huuponda mwili hata usifae kuamshwa tena. Kadhalika "kuzika" si lazima kuwe kumaliza. Viungo vilivyopondeka hutupwa katika uji moto wa volkeno, pale ulipo karibu, navyo huteketea.

"Handaki" twalibakiza, ila mfasiri aeleze kwamba kazi yake ni kukata njia, si kuzamisha. Juu yake huwekwa daraja liinuliwalo kwa wenzo. Likiinuliwa huwa ukuta. Likishushwa juu ya kitu hukifuta kabisa, hakibaki hata kipande cha kuamka, na wachezaji wengi hulitumia kwa kusudi hilo. Ila wanyama wakubwa mno, na tembo ni mmojawapo, hulivunja. Kwa ajili ya daraja hili tulikiacha kitenzi "kuinua" kwa wafu, ingawa kilitujia kwanza. Amri ya "inua" ikimaanisha daraja mahali pamoja na mizoga mahali pengine, mtu atavuta wenzo usiofaa.

"Kuzingira", au kwa wazee "kuhusuru", huhitaji maelezo mafupi. Katika vita vya kawaida mzingiraji na mzingirwa wote huona njaa, na mwenye ghala kubwa hushinda. Mizoga iendayo haina ghala wala haja ya ghala. Yaweza kusimama nje ya lango miaka. Kwa hiyo maneno "subiri waondoke", tuliyoyakuta katika tafsiri moja, ni shauri la kuangamiza ngome. Mlinzi hana budi kuwa na maji ndani, na shamba la uyoga chini ya ardhi, kabla lango halijafungwa.

Limebaki jina la yule aamshaye. Mchezo ulimwongeza mwaka 2012: mtu aliyejifunza siri ya mauti, akaaye mnarani na vitabu vyake. "Mganga" ni kumkosea mganga, na "mchawi" ni pana mno. Twapendekeza "mwamsha mizoga". Maeneo yaliyolaaniwa nayo yana daraja tatu kwa kadiri ya ukali wa pori lake. Ile ya kati tumeiita "yenye mizuka" na si "yenye mizimu", kwa sababu zilizokwisha kuelezwa. Kuhusu wakazi wenyewe wa ngome, wale wafupi wenye ndevu wa ngano za Ulaya ya Kaskazini, bado hatujakubaliana. "Mbilikimo" limetumika kuwadharau watu walio hai, na "kibeti" halina hali bora. Kwa sasa tumewaita "wakazi", na wafasiri wenye neno bora zaidi waliandike, pamoja na wingi wake na mifano mitatu ya sentensi.