Kilo za Mjamzito na Sahani ya Watu Wawili

Kauli kwamba mjamzito hula kwa ajili ya watu wawili huwapotosha wanaoichukua kuwa kipimo cha sahani, kwa kuwa katika miezi mitatu ya kwanza mwili wake hauhitaji karibu nyongeza yoyote ya nguvu, na hata katika miezi mitatu ya mwisho nyongeza inayopendekezwa ni takriban kilokalori 450 kwa siku (kilokalori ni kipimo cha nguvu itokanayo na chakula), kiasi ambacho bakuli la uji wa maziwa, yai na ndizi mbivu mbili hukitimiza.

Kilo zinazoongezeka nazo si unene mtupu. Mtoto huchukua kama kilo 3.3, kondo la nyuma, ambalo humpitishia chakula na hewa kutoka kwenye damu ya mama, karibu kilo 0.7, na zilizobaki hugawanywa kati ya maji ya chupa ya uzazi, mji wa mimba uliotanuka, matiti, damu iliyoongezeka na akiba ya mafuta ya kunyonyeshea. Ndiyo maana miongozo ya Taasisi ya Tiba ya Marekani ya mwaka 2009, inayofuatwa katika nchi nyingi, haikuweka kiwango kimoja kwa wote, bali humtazamia aliyekuwa mwembamba kuongeza kilo 12.5 hadi 18, mwenye uzito wa wastani kilo 11.5 hadi 16, na mwenye unene uliokithiri kilo 5 hadi 9 tu.

Lakini mizani haioni kila kitu. Asidi ya foliki, vitamini ipatikanayo katika maharage na mboga za majani, huhitajika mapema mno, kwani mfereji unaounda ubongo na uti wa mgongo hufunga takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa, wakati wengi hawajajijua kuwa ni wajawazito. Usipofunga vizuri, mtoto huweza kuzaliwa na mgongo wazi. Kwa hiyo mwanamke anayetarajia kushika mimba hushauriwa kuanza vidonge vya asidi hiyo mapema, asisubiri kadi ya kliniki.

Upungufu wa madini ya chuma, yaletayo wekundu wa damu, ndio ulioenea zaidi, na mara nyingi huambatana na hamu ya kula udongo, ule unaouzwa sokoni ukiwa umeokwa na kufinyangwa vizuri, ambao kwa bahati mbaya huweza kuzuia chuma hicho hicho kisifyonzwe tumboni, mbali na kubeba risasi au mayai ya minyoo. Chai inayonywewa pamoja na mlo huleta kizuizi cha namna hiyo. Ni afadhali inywewe saa moja au mbili baadaye, na dagaa, kunde au mchicha viliwe pamoja na chungwa au limau, ambavyo vitamini C yake husaidia chuma cha mboga kuingia mwilini.