Taa ya Pikipiki Ikizimika: Tafuta Njia, Usikimbilie Globu

Wewe uliyelisikiliza somo letu, na wewe unayelisoma tu katika karatasi hii, leo nataka tuzungumze juu ya jambo linalomkuta karibu kila mwenye pikipiki au vespa hapa Unguja, nalo ni taa kuzimika njiani.

Jirani yangu mmoja wa Mkunazini ana vespa ya zamani. Jioni moja alipata habari kwamba mama yake hajiwezi huko Jambiani. Akatoka mjini baada ya magharibi. Alipofika Tunguu taa ya mbele ikazimika. Mfukoni alikuwa na globu mpya; akaitoa ile ya zamani, akaitupa, akatia mpya. Taa ikawaka, akashukuru, akaenda. Katikati ya msitu wa Jozani ikazimika tena. Hakuona kitu ila weusi wa miti. Ghafla akasikia magurudumu mbele yake: gari la ng'ombe, nalo halina taa. Alikwepa kwa kudra ya Mungu, akaanguka kando ya barabara. Safari iliyobaki aliisukuma vespa kwa miguu, akafika kwa mama yake usiku wa manane.

Siku ya pili fundi wa kijijini alitoa kisu, akakwangua kutu mahali padogo kuliko ukucha wa kidole, na taa ikawaka. Globu zote mbili zilikuwa nzima! Basi kosa lake lilikuwa nini? Lilikuwa moja tu: alidhani kwamba taa ni globu. Taa si globu peke yake. Taa ni njia.

Umeme huenda na hurudi

Umeme haumwagiki katika globu ukaishia humo kama maji katika ndoo. Hutoka kwenye chanzo chake, hupita katika waya, huingia katika globu, kisha hapana budi urudi ulikotoka. Njia ikikatika mahali popote, pa kwendea au pa kurudia, globu haitawaka hata ikiwa mpya.

Watu wa Unguja tunalijua jambo hili vizuri. Mwezi wa Mei 2008 kisiwa chetu kiliingia gizani kwa muda wa karibu mwezi mmoja. Na tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010 giza likarudi tena, mara hii miezi mitatu. Globu za majumbani zilikuwa nzima, na swichi zilikuwa nzima. Nani kati yetu alikwenda Darajani kununua globu mpya? Tulijua kwamba kosa liko katika njia ya umeme unaotujia kutoka Bara, kwa waya uliopita chini ya bahari. Akili hiyo tuliyokuwa nayo kwa nyumba zetu, tuwe nayo kwa pikipiki zetu pia.

Katika pikipiki waya wa kwendea huonekana. Wa kurudi mara nyingi huuoni, kwa sababu umeme hurudi kwa kupitia chuma cha pikipiki chenyewe, ambacho mafundi hukiita bodi. Na hapo ndipo penye adui yetu. Sisi ni watu wa pwani. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi pamoja na unyevu huleta kutu. Kutu haipitishi umeme vizuri. Tena si lazima kutu iikate njia kabisa. Volti zinazofika katika globu zikipungua sehemu moja tu katika tano, mwanga hupungua karibu nusu. Kwa hivyo taa iliyofifia ni onyo: usingoje mpaka izimike. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Utafute kosa kwa taratibu

Kwanza, uliza: ni taa gani zilizozimika? Jaribu taa ya mbele, ya nyuma, ya breki, indiketa na honi. Ikiwa moja tu haifanyi kazi, kosa liko karibu na hiyo moja. Ikiwa zote zimekufa pamoja, acha globu. Angalia chanzo: betri na vichwa vyake, fyuzi, na swichi kubwa. Lakini kumbuka kwamba katika pikipiki nyingi ndogo taa ya mbele hulishwa na injini, na honi na indiketa hulishwa na betri. Basi honi kulia si ushahidi kwamba taa inapata umeme.

Pili, itoe globu uitazame. Uzi mwembamba wa ndani ukiwa umekatika, globu imekufa. Kioo kikiwa cheusi, huenda ilipata umeme mwingi kupita kiasi chake. Uzi ukiwa mzima, usiitupe. Futa kitako chake kwa kitambaa kikavu, ukwangue holda kwa msasa, uirudishe.

Tatu, ijaribu njia ya kurudi. Chukua kipande cha waya kilichomenywa ncha zote mbili. Washa taa. Ncha moja iguse ubavu wa chuma wa holda, na nyingine iguse chuma kisafi cha injini. Taa ikiwaka, umelipata kosa: bodi haishiki. Fungua skrubu inayofunga waya au taa kwenye bodi, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka vaselini kidogo kuzuia chumvi. Dawa hii ndiyo iliyomponya jirani yangu.

Nne, ijaribu njia ya kwendea. Taa ikiwa imewashwa, geuza usukani kushoto na kulia, polepole. Mwanga ukikatika na kurudi, kuna waya uliosagika shingoni mwa usukani, mahali panapojikunja kila siku. Usiuviringe kwa mkono tu ukaenda zako. Ukate palipoharibika, uunge vizuri, na ufunge kwa utepe wa umeme.

Vespa za zamani

Vespa zilianza kutengenezwa Italia mwaka 1946, na nyingi za zamani hazina betri ya taa. Umeme wake huzaliwa katika gurudumu zito la sumaku lililo ubavuni mwa injini, linapozunguka kwenye koili za waya wa shaba. Kwa hivyo injini ikizima taa huzima, na injini ikienda polepole taa hufifia. Hilo si kosa, ndivyo zilivyoumbwa.

Lakini zina tabia moja ya kujihadhari nayo. Fikiri wachukuzi wanne wamebeba boriti. Mmoja akiuacha mzigo, uzito wote huwaangukia watatu waliobaki. Vivyo hivyo, katika vespa isiyokuwa na kidhibiti cha volti, taa kubwa ya mbele ikiungua, umeme wake huzielemea zile ndogo, nazo huungua moja baada ya moja. Basi ukiona taa ya nyuma imeungua, tazama kwanza ya mbele. Nunua globu yenye volti na wati zilizoandikwa na watengenezaji. Globu ya volti 6 ikitiwa katika vespa ya volti 12 huungua mara moja. Ya volti 12 ikitiwa katika vespa ya volti 6 huwa nyekundu kama kaa linalokufa.

Mambo matatu ya hatari

Usiizungushie fyuzi iliyokatika karatasi ya fedha ya sigara. Fyuzi ni mlinzi. Imekatika ili nyaya zisiungue. Tafuta kwanza kilichoikata.

Usiwashe kiberiti kutazama nyaya zilizo karibu na tangi. Tumia tochi.

Usiiwashe injini ndani ya ukumbi wa nyumba ili kujaribu taa. Moshi wake huua bila ya kuonekana. Itoe nje, na hakikisha haimo katika gia.

Ndugu yangu, kazi hii yote yataka msasa, kipande cha waya, bisibisi na nusu saa ya mchana. Ifanye kabla hujapata safari ya usiku, kwa maana mwenye gari la ng'ombe na mtoto anayetoka madrasa na baiskeli yake hawaoni nia yako njema; wanaona taa yako.

Maswali ya kuzungumza katika darasa lenu

1. Honi yalia, taa ya mbele haiwaki. Je, umeme upo au haupo? Eleza.
2. Kwa nini pikipiki inayolala karibu na bahari huharibika taa upesi?
3. Kila mmoja aitazame pikipiki yake, au ya jirani, aonyeshe mahali ambapo umeme unarudia.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.